Distribyuta Haijizungushi

Mshereheshaji kasema nimekuja kufundisha taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka ndani ya silinda. Sawa, lakini wanaonijua wanajua nitakachosema, maana nimekisema mpaka mke wangu anakijua kwa moyo: distribyuta haijizungushi. Gari la petroli la zamani limetembea vizuri jana, leo asubuhi limekataa kuwaka, kwa nini mkono wako unakimbilia distribyuta, chombo kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi? Taimingi iko palepale ilipoachwa. Kama imehama, ama kuna mtu kaihamisha, ama pointi zimelika, ile swichi ndogo ya ndani ya distribyuta inayofunguka ili cheche itoke. Basi.

Kuna mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Utaniambia cheni imeruka jino. Kwenye gari lenye cheni au mkanda sikatai. Mimi nazungumzia Land Cruiser pikapu, FJ45 yenye injini ya 2F, silinda sita, lita 4.2. Mle ndani krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inazungusha kemshafti, ile inayofungua valvu na kuendesha distribyuta, gia kwa gia. Kitaruka nini?

Niliitwa Ruaha Mbuyuni, pikapu ya namna hiyo imelala kando ya barabara na vitunguu mgongoni. Dereva, kijana mpole, akanipokea: "Shikamoo mzee. Mafundi watatu wameshapita." Nikaishiwa nguvu palepale. Kufungua boneti, injini nzima imevaa vumbi na oili ya miaka, ila boliti moja inang'aa kama pete ya harusi: ile ya kubana distribyuta.

Fundi wa kwanza aliilegeza akawa anazungusha huku dereva anapiga stata, eti anatafuta inapokubali. Wa pili akaichomoa kabisa, bila kuweka alama hata ya kucha, akairudisha. Wa tatu akaona waya za plagi zimekosewa, akazipanga kwa mpangilio aliokariri kwenye gari jingine. Gari lilikuwa na ugonjwa mmoja, sasa lina minne.

Nikatoa plagi ya silinda ya kwanza, ile ya mbele kabisa, nikaziba tundu kwa kidole gumba, dereva akazungusha krenki taratibu kwa spana. Upepo ulipoanza kusukuma kidole, nikachungulia kwenye kidirisha cha flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya krenki. Pale kuna alama mbili: mstari, ambao ni pistoni kufika juu kabisa, na kigololi kidogo cha chuma, ambacho ni nyuzi 7 kabla ya hapo. Moto unatangulia kidogo kwa sababu mchanganyiko hauungui mara moja, unahitaji muda. Kigololi kikakaa kwenye kishale. Nikafungua kofia ya distribyuta. Rota, ule mkono wa ndani unaopeleka umeme kwa kila waya, inatazama silinda ya sita! Imempa mgongo wa kwanza kabisa.

Mtasema: lakini fundi wa pili si alifuata alama ya flaiwili? Alifuata. Krenki inazunguka mara 2 distribyuta ikizunguka mara 1, kwa hiyo kigololi kinapita kwenye kishale mara mbili: mara moja pistoni inabana mchanganyiko, mara nyingine inatoa moshi. Yeye alishika ile ya moshi. Kidole gumba hakikutumika. Ndiyo maana gari lilikuwa linapiga mshindo kwenye kabureta, na yule kijana nyusi moja ilikuwa imeungua.

Nikaichomoa, nikairudisha. Hapa sikilizeni: ncha ya chini ya shafti lazima iingie kwenye mfereji wa pampu ya oili. Isipoingia, distribyuta haikai chini, na kuna watu huigonga. Kwa nyundo! Nikapanga waya 1-5-3-6-2-4, kufuata mzunguko wa saa. Ndipo nikaufikia ugonjwa wenyewe. Kisigino cha pointi, kile kinachosukumwa na shafti ili zifunguke, kimelika, pointi hazifunguki. Mwanya unatakiwa chini kidogo ya nusu milimita. Pale hata karatasi ya pakiti ya sigara haikupita. Fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya, na bisibisi, dakika tano. Vitunguu vilikuwa vimeshaanza kunuka.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka. Ukishaweka mwanya, taimingi huwa imesogea, kwa hiyo ipime upya: kigololi kwenye kishale, silinda ya kwanza ikiwa inabana, balbu ya volti 12 kutoka hasi ya koili, ile inayokuza umeme wa cheche, hadi bodi, swichi imewashwa. Zungusha distribyuta upande inakozungukia rota mpaka balbu izime, kisha irudishe pole pole. Inapowaka tu, kaza hapo. Moto ukiwahi mno, stata inasita kama imepigwa teke. Ukichelewa, injini inazunguka laini lakini haishiki, na mshindo unatokea kwenye ekzosti.

Mashine ya kusoma kompyuta? Uichomeke wapi, kwenye redio? Na anayetaka kuniuliza dizeli, dizeli haina plagi za cheche, tuonane siku nyingine.

Tutoke uani sasa, kuna pikapu imefunguliwa boneti. Dada uliyekaa mbele, naomba ile rangi yako ya kucha, hiyo nyekundu. Kabla mtu hajashika spana, tunachora mstari mmoja unaovuka kutoka distribyuta hadi kwenye bloki.