Kuchomeka adungu kwenye amplifaya bila sauti kukonda

Karibuni, ndugu watazamaji. Mezani hapa kuna adungu, yaani kinubi cha Uganda, ya ukubwa wa kati (zipo ndogo na za besi pia): nyuzi 9 za nailoni, ngozi ya ng'ombe juu ya bakuli la mti, kama zinavyotengenezwa kwa Waalur kule West Nile. Maiki mbele yake inafaa kanisani penye utulivu. Ikikaa jirani na ngoma na gitaa la besi, itaokota vyote isipokuwa adungu. Kwa hiyo leo tunaweka kisahani cha piezo, kinachobandikwa kwenye ala na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme.

Tafuta kisahani cha milimita 27. Kina shaba ya njano chini na duara jeupe la kauri juu. Ndicho hicho hicho kinachokaa ndani ya kadi za sikukuu zinazoimba, lakini nunua kipya, maana cha kwenye kadi mara nyingi hupinda wakati wa kukibandua. Ongeza mita moja ya waya wa maiki wenye wavu ndani, jeki ya kike ya milimita 6.35, pasi ya kulehemia ya wati 30 au 40, risasi, tepu ya umeme, foili ya jikoni, msasa na gundi ya mbao.

Kisahani kikija na vile viwaya viwili vyembamba, chekundu na cheusi, vitoe. Havina wavu, na vitaleta mvumo wote wa umeme uliomo chumbani.

Sasa kulehemu. Kwangua ukingo wa shaba kwa msasa, uchomelee wavu hapo. Waya wa kati unakwenda kwenye kauri. Tazama mkono wangu: risasi imeshatangulia kwenye ncha ya waya, nagusa kauri sekunde moja, mbili, natoa. Ukikawia, ule utando wa fedha juu ya kauri unabanduka na risasi haitashika tena. Usigeuze nyaya hizi mbili. Ukigeuza, shaba yote inakuwa antena, na kila ukiisogelea kwa kidole spika inanguruma.

Funika kauri kwa tepu ya umeme, kisha foili juu yake, na foili iguse ukingo wa shaba sehemu moja. Isiguse waya wa kati hata kidogo. Halafu tepu tena. Upande wa chini wa shaba uache wazi, ndio utakaobanwa kwenye adungu. Pima kwa mita ya umeme (multimita): kati ya wavu na waya wa kati pasipite umeme. Mita ikilia, foili imevuka mpaka. Fungua uanze upya.

Kwenye jeki, wavu unakwenda kwenye mguu wa mwili wa jeki, na waya wa kati kwenye mguu wa ncha. Funga waya kwa uzi kwenye mbao ya adungu kabla haujafika kwenye jeki, ili anayejikwaa asing'oe kisahani.

Tukibandike wapi? Usikimbilie gundi. Tumia tepu nyembamba ya pande mbili, ujaribu sehemu tatu. Katikati ya ngozi panatoa sauti kubwa, lakini kila kidole kikigusa ngozi utasikia "dum", na ndipo panapopiga yowe haraka zaidi, yaani ule mlio mkali wa sauti ya spika kurudi kwenye kisahani. Kwenye mbao ya bakuli, karibu na shingo, sauti ni safi ila ndogo. Mimi nachagua juu ya ule ubavu wa mti unaopita chini ya ngozi, pale nyuzi zinapofungwa, pembeni kidogo ya mstari wa nyuzi. Mtikisiko wa nyuzi zote hupitia hapo kabla ya kufika kwenye ngozi. Kama adungu yako inabadilishwa ngozi, una bahati: kibandike kwenye ubavu wenyewe kwa ndani, kwa gundi ya mbao. Juu ya ngozi baki na tepu, kwa sababu ngozi hulegea msimu wa mvua na kukaza wakati wa jua, na gundi ngumu itapasuka. Ukiamua kubandika kwenye bakuli, sawazisha kwanza kijisehemu cha sentimita 3 kwa msasa. Kisahani kikilazimishwa kwenye mviringo, kauri inapata ufa, na utasikia mikwaruzo isiyoisha.

Sasa tuchomeke. Hapa ndipo wengi wanapoitupa piezo na kusema ni mbovu. Sikiliza nikiiingiza moja kwa moja kwenye tundu la "line" la miksa: sauti imekonda kama redio ya simu, besi hakuna. Kisahani hakina kosa. Kwa umeme, piezo ni kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi chaji, na hiki ni takribani nanofaradi 20. Tundu la "line" lina ukinzani wa omu 10,000 hivi. Viwili hivyo pamoja vinakuwa chujio linalopunguza kila kilicho chini ya hezi 800, na noti za adungu ya besi zote ziko chini ya hapo. Kwenye tundu lenye omu milioni 1, chujio linashuka hadi hezi 8, ambazo sikio halizisikii. Usinunue ekwalaiza kuurudisha mwili uliopotea hapo. Tafuta tundu sahihi.

Tundu hilo lipo kwenye amplifaya ya gitaa au ya besi, na kwenye baadhi ya miksa lina kitufe cha "Hi-Z", yaani ukinzani mkubwa. Kama miksa haina, weka katikati boksi la DI la aktivu, yaani kiboksi chenye umeme wake kinachoipokea piezo kwa ukinzani mkubwa na kuipeleka kwenye tundu la maiki la miksa. Linataka betri ya volti 9 au volti 48 kutoka tundu la maiki. DI ya pasivu, isiyotumia umeme, itaivumilia adungu ndogo, ya besi itaipunguza. Na ukitaka kitufe cha sauti juu ya adungu, kiwe cha omu milioni 1. Kile cha omu 10,000 kinakurudisha kwenye redio ya simu.

Kwa adungu ya besi, amplifaya ya kinanda au ya gitaa la besi ni bora kuliko ya gitaa la solo, ambayo spika yake hukwaruza noti za chini zikipandishwa.

Yowe likianza, geuza spika isiitazame ngozi, simama pembeni, kisha punguza kati ya hezi 200 na 400 kidogo kidogo. Kitufe cha kugeuza fezi (kinachopindua mwelekeo wa wimbi la sauti) kikiwepo, kibonyeze. Mara nyingine kinatosha peke yake.

Mvumo mzito ukibaki hata adungu ikiwa kimya, chomoa waya kwenye adungu. Ukikoma, rudi kwenye foili na wavu. Ukiendelea, tatizo liko kwenye waya, amplifaya au umeme. Mara nyingi amplifaya na miksa zimechomekwa soketi mbili za mbali. Zihamishie kwenye ekstensheni moja. Usikate wala usiache wazi ule mguu mrefu wa plagi ili mvumo utulie. Huo ndio wa ethi, na kwenye onyesho la jenereta unaweza kuwa ndio pekee ulio kati yako na volti 240.