Kabla ya Kununua Pampu: Mhadhara kwa Mafundi Wanafunzi wa Matrekta

Asanteni, kaeni. Mliowahi mmelisikia lile Massey Ferguson 135 pale chini ya mwembe, linalia kama mbuzi aliyenasa kwenye uzio. Kijiko cha mbele kinapanda nusu, kinatetemeka, kinagoma. Mwenyewe ameshaambiwa anunue pampu ya haidroliki, ile inayosukuma oili ya kuinua kijiko. Nimeomba lisiguswe mpaka tumalize kuongea.

Trekta hilo ni la mtindo ulioanza katikati ya miaka ya 1960. Pampu yake ya asili ina pistoni 4, imezama kwenye oili humohumo nyuma zilimo gia, na inazungushwa na shafti ya PTO, ile ya nyuma inayoendesha zana. Wenzo wa PTO ukiachwa huru, pampu imelala hata kama injini inanguruma. Niliwahi kusafiri kilomita 60 kwa pikipiki, nikasogeza wenzo huo, nikala ugali, nikarudi. Nauli nilidai yote.

Lakini matrekta mengi yaliyofungwa kijiko yana pampu ya pili, ya gia, kule mbele, inayozungushwa na krenki, shafti kuu ya injini. Kwa hiyo fuata mipira ya oili kwa macho kwanza, ujue kijiko kinalishwa na pampu ipi. Ukifika kwenye hiyo ya mbele, tazama kiungo chake na krenki: ufunguo, kile kipande cha chuma kinachoviunganisha, ukikatika, injini inazunguka na pampu imesimama.

Halafu oili. Shusha kijiko chini, jeki zote, yaani silinda za oili zinazoinua kijiko, ziingie, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia oili. Ukipima kijiko kikiwa juu, oili iliyomo kwenye jeki huioni. Utajaza, ukishusha itamwagika. Iangalie na rangi. Ikiwa na povu linalotulia baada ya saa moja, mfumo unavuta hewa. Ikibaki kama chai ya maziwa, ni maji.

Sasa nisikilizeni hapa. Miaka ya ujana wangu nilibadilisha pampu mbili kwenye trekta moja, na ya pili ililia kama ya kwanza. Pesa za mteja zilishakwenda. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, ule mpira wa kuvuta, unaoleta oili kwenye pampu, umeupasua?" Kwa nje ulikuwa mzima kabisa, hata unang'aa. Nikaupasua kwa kisu: ngozi ya ndani imebambuka, inaning'inia kama ulimi. Kwa moto mdogo, yaani injini ikizunguka polepole, oili ilipita. Ukikanyaga moto, ulimi unavutwa, unaziba njia, pampu inalia kwa njaa.

Tangu siku hiyo najiuliza maswali mawili. Linalegea moto ukiongezwa? Nakwenda upande wa kuvuta: mpira, chujio, viungio. Viungio hivyo napaka grisi injini ikiwa inaunguruma. Sauti ikibadilika, hewa inaingilia hapo. Au linafanya kazi vizuri asubuhi, saa sita mchana linazembea? Hapo ndipo naanza kuishuku pampu, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi na inapenya palipolika.

Hata hivyo usiifungue bado. Funga geji yenye kipimo kinachozidi presha iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta, peleka jeki hadi mwisho, usome. Presha ikiwa ndogo, safisha kwanza vali ya kupunguza presha. Uchafu kidogo tu ukiishikilia wazi, oili yote inarudi tangini.

Na kijiko kinachoshuka chenyewe huku wenzo wa kijiko umetulia? Hiyo si pampu. Ni sili za jeki au vali ya wenzo.

Jambo moja silifanyii mzaha. Usitafute mvujo kwa kiganja. Tundu dogo kama la sindano linaingiza oili chini ya ngozi, na jeraha linaonekana si kitu. Tumia kipande cha katoni. Ikikupata, hospitali saa hiyohiyo, usingoje uvimbe. Na usiingie chini ya kijiko ambacho hakijawekewa gogo.

Haya, twendeni mwembeni. Wewe mwenye kofia, shusha kijiko. Dada, chukua kitambaa, kijiti cha oili ni chako. Spana ziacheni humu kwanza.