Siku Nzima Baharini: Mwenye Kukodi Boti Analipia Nini?

(Mhadhara uliotolewa Bukavu, mji wa Kongo kando ya Ziwa Kivu, mbele ya vijana wanaosomea kazi za utalii na hoteli, pamoja na wavuvi wa ziwani. Umeandikwa kama ulivyosemwa.)

Ba mama, ba papa, na ninyi vijana, asanteni kwa kuja. Naona wavuvi wamejipanga nyuma kabisa karibu na mlango. Wazee wangu, sogeeni mbele, maana maswali magumu ya leo yatatoka kwenu.

Nimeombwa nieleze siku moja ya kuvua baharini kwa boti ya kukodi. Najua mtu anaweza kuuliza: sisi na bahari wapi na wapi? Bahari ya Kongo ni kile kipande cha Muanda, kilomita kama 40 tu, tena kiko mwisho wa nchi upande wa magharibi. Ukiwa hapa Bukavu, Mombasa ni karibu kuliko Muanda. Kwa hiyo nitasimulia pwani ya Kenya, Malindi na Watamu, ambako nilifanya kazi ya kuwatafutia wageni wa hoteli boti za kuvulia. Lakini sikilizeni mkiwa na Kivu kichwani. Neno langu ni hili: anayekodi boti analipia akili ya nahodha. Samaki ni majaliwa.

Boti hukodiwa nzima, si kiti kimoja kimoja. Watu wanne wakichanga, bei ni ileile kama ya mtu mmoja. Siku nzima ni mamia ya dola, na boti kubwa zinapita elfu moja. Ndani ya bei hiyo kwa kawaida mna mafuta, mabaharia, fimbo, mishipi na chambo. Bakshishi haimo. Nusu siku ipo na ni nafuu, ila maji ya kina yako mbali na pwani. Kwenda tu kunaweza kula saa nzima na zaidi, kurudi vilevile, kwa hiyo mwenye nusu siku mara nyingi anaishia kuzunguka karibu na miamba.

Msimu nao una mwenyewe. Upepo wa kusi ukishika, kuanzia Aprili hivi, bahari inachafuka, na katikati ya mwaka boti nyingi hupandishwa nchi kavu zikarabatiwe. Kuanzia Agosti zinarudi majini, jodari wakiwa wengi. Kaskazi ikiingia, Desemba hadi Machi, bahari inatulia na hapo ndipo wageni wanapofurika. Mtu akikuuzia siku nzima mwezi wa Juni kwa bei ya kutupa, muulize kwanza mawimbi yana hali gani.

Safari inaanza alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili. Kitu cha kwanza ambacho mtu wa Kivu hakijui ni maji kujaa na kupwa. Hapa kwetu ukiacha mtumbwi ufukweni jioni, asubuhi maji yako palepale. Kule, wakati wa bamvua, siku zile maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi kwa siku moja, mara mbili. Boti zinatoka kupitia mlango katikati ya miamba, na mlango huo maji yakiwa yamepwa na wimbi linavunjika si pa kuchezea. Nahodha anaujua kwa macho. Nimewaona wakisimama pale nje ya mlango, injini inaunguruma polepole, wanahesabu mawimbi, halafu ghafla mafuta yote na boti inapita.

Wakishatoka, wanaanza kurambaza. Mishipi mitano sita inashushwa nyuma ya boti, mingine inapitishwa kwenye fito ndefu zinazolazwa pembeni ili isisokotane, na boti inakwenda mwendo wa noti saba hivi, yaani kilomita 13 kwa saa. Basi. Saa moja, saa mbili, hakuna kitu. Wageni wanaanza kusinzia, wengine wanatapika. (Kwa kichefuchefu, dawa inamezwa kabla ya kupanda boti, maana ukisubiri uanze kutapika imekwisha. Na usishuke chini chumbani. Kaa nje, tazama mstari wa mbali wa bahari.)

Mgeni anadhani hakuna kinachofanyika. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Nahodha anatazama ndege. Anatazama rangi. Karibu na Malindi kuna mto Sabaki unaomwaga tope jekundu baharini, na mvua ikinyesha bara tope hilo linasogea mbali kabisa. Panapokutana maji mekundu na maji ya buluu pana mpaka unaouona kwa macho, umenyooka, una povu na majani yaliyokusanyika. Dagaa wanajificha kwenye giza la tope, na samaki wakubwa wanapita upande wa buluu wakiwasubiri. Nahodha mzuri anaendesha boti akiukata mpaka ule huku na huku kwa saa nyingi. Asiyejua anauvuka mara moja na kwenda zake.

Ndugu zangu wavuvi, ninyi mnajua Kivu ina jambo lake. Ziwa lina kina cha mita 485, lakini hewa ya kupumulia samaki iko juu tu, mita hamsini sitini za kwanza. Chini ya hapo ni maji yasiyo na oksijeni, na vilindini kabisa yamejaa gesi. Kwa hiyo hapa samaki hana pa kukimbilia chini. Baharini anapo, na ndiyo maana kule kujua mahali ni mali.

Sasa samaki anapokuja. Nichukue sulisuli, yule mwenye mdomo wa upanga na pezi kubwa mgongoni. Vitabu vya zamani vinasema anakwenda kilomita 110 kwa saa. Watafiti waliompima miaka ya karibuni wanasema hata akijitahidi hapiti kilomita 36 hivi. Mimi naona hiyo inatosha. Anakuja nyuma ya chambo, pezi limesimama, mwili umewaka mistari ya buluu, anakipiga chambo kwa upanga. Hapo mgeni anataka kuvuta kwa nguvu zote, na baharia anamshika mkono. Mshipi unaachiwa bure, chambo kinazama kama kilichokufa, samaki anarudi kukimeza. Ndipo breki ya gurudumu, lile la kuzungushia mshipi kwenye fimbo, inafungwa taratibu. Siku hizi wengi wanatumia ndoano ya duara, ile ambayo ncha yake imegeukia ndani. Mgeni hana haja ya kuivuta fimbo kwa ghafla, akizungusha tu gurudumu ndoano inajishika yenyewe pembeni mwa mdomo badala ya kushuka tumboni.

Breki haifungwi hovyo. Mshipi unaokatika kwa uzito wa kilo 24, breki yake inawekwa kwenye kilo nane hivi, theluthi moja. Samaki akitaka kukimbia, anakimbia. Akichoka, unavuta. Sulisuli wa kule mara nyingi ni kilo 25 hadi 35, na anaruka juu ya maji mara nyingi kiasi kwamba wageni wanasahau kuvuta.

Halafu wanamwachia.

(Minong'ono ukumbini. Mvuvi mmoja: “Mwalimu, mtu analipa dola mia tano, anamshika samaki wa kilo thelathini, anamwachia? Huyo ana njaa kweli?”)

Hana njaa, baba. Tena swali lako ndilo nililokuwa nalingoja, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Sulisuli akiuawa, anauzwa mara moja, kwa kilo, pale ufukweni, na hela yake haifiki hata nusu ya mafuta ya siku hiyo. Akiachiwa akiwa hai, kesho mgeni mwingine atalipa kumtafuta. Baharia anamkamata upanga akiwa amevaa glavu, anamchoma begani lebo ndogo yenye namba, anatoa ndoano, anamshikilia kando ya boti inayosogea polepole ili maji yapite kwenye matamvua, mpaka apate nguvu. Kuna shirika pale Watamu, African Billfish Foundation, linaloweka kumbukumbu za namba hizo. Mtu akimvua tena samaki yule, namba inaeleza alikuwa wapi mwanzo na amekaa muda gani baharini. Kwa hiyo boti ya starehe inakuwa pia chombo cha utafiti, na gharama imelipwa na mgeni.

Sisemi samaki haumii. Anaumia, na wengine hufa baada ya kuachiwa. Ndiyo maana nachukia ile tabia ya kumpandisha samaki kwenye boti, watu wanne wamempakata, picha kumi, halafu wanamtupa majini na kusema wamemwachia. Nahodha wa maana anakataa. Picha inapigwa samaki akiwa majini.

Jodari, nguru na kolekole hao ni chakula, wanarudi nyumbani. Lakini chakula cha nani? Boti nyingi zina desturi kwamba samaki ni wa boti, mgeni anapewa minofu ya kumtosha jioni, inayobaki inauzwa na fedha inasaidia mabaharia. Mgeni asiyejua anakasirika, anaona ameibiwa. Kuna hoteli moja niliyofanya nayo kazi ilikuwa haiwaambii wageni jambo hilo, na kila wiki kulikuwa na zogo gatini, matusi yanamwangukia baharia ambaye hata bei hakuipanga. Liulizwe kabla fedha haijatoka mfukoni, pamoja na mengine mawili: boti ina redio na majaketi ya kuokolea ya kila mtu? Na bahari ikichafuka saa tatu asubuhi tukarudi, fedha inakuwaje?

Nisisahau kisa kimoja cha mji wetu huu. Januari 1954 Ernest Hemingway, mwandishi Mmarekani aliyependa uvuvi wa baharini kupita kiasi, alipita kwa ndege ndogo akalala Bukavu. Siku chache baadaye akapata ajali mbili za ndege Uganda, moja leo na nyingine kesho yake, magazeti yakatangaza amekufa. Hakufa. Akaenda zake Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, kwenye kambi ya uvuvi iliyokuwa imekwisha kukodiwa, mwili umeumia vibaya kiasi cha kushindwa kuvua sawasawa. Mwisho wa mwaka ule akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi.

Turudi nyumbani. Sambaza, wale samaki wadogo mnaouza sokoni Kadutu, hawakuwamo Kivu zamani. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Na juu ya samaki huyo mgeni wavuvi wetu wamejenga kazi nzima: mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa juu ya maji, wavu chini, nyimbo za kupiga kasia. Ng'ambo, Kibuye upande wa Rwanda, watalii tayari wanalipa kwenda kuwasikiliza wavuvi wakiimba. Hapa pia inawezekana. Lakini ninyi vijana wa hoteli mtataka kupanga bei wenyewe, mgeni alipe dola 40, mvuvi apewe elfu chache za franga za “fanta”. Hapo mtakuwa mmeuza akili ya mtu bila kumlipa. Kule Watamu nahodha anayejua mpaka wa Sabaki anaombwa kwa jina, wageni wanaandika mwaka mmoja kabla wakimtaka yeye, na mwenye boti anajua nahodha akiondoka, wateja wanaondoka naye. Hiyo ndiyo nguvu yake anapodai mshahara.

(Mvuvi: “Na mbalamwezi je?”)

Umesema vema, mzee. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti sambaza, hamtoki. Kwa hiyo anayepanga kalenda ya watalii ni wewe, si hoteli. Hoteli ikishauza chumba usiku wa mwezi mpevu na kuahidi sambaza, irudishe fedha yenyewe.

Swali lingine? Mama pale.

(Mama mmoja: “Mtu asiyejua kuogelea anaruhusiwa?”)

Anaruhusiwa, mama, na wengi wanaokodi boti hawajui. Ila jaketi liwe mwilini toka gatini, limefungwa. Lililowekwa chini ya kiti halina kazi. Kwenye mitumbwi yetu mitatu ni hivyohivyo, tena zaidi, kwa sababu ni usiku.