AS/400: printa imenyamaza, usikimbilie kuua kazi

Jambo yenu, karibuni. Leo niko depo hapa Lubumbashi, na nje kuna dereva wa Kolwezi anayesubiri hati ya mzigo. Printa imenyamaza. Tutaitafuta hati yake pamoja kwenye AS/400, kompyuta ya ofisi ambayo IBM iliitoa mwaka 1988. Mfumo wenyewe siku hizi unaitwa IBM i, ila ofisini jina la zamani halijatoka midomoni.

Nimeshaingia. Tazameni chini ya skrini, penye ===>. Hapo ndipo amri zinaandikwa. Majina yake yanatisha mpaka ujue yalivyoungwa: mbele kitendo kwa herufi tatu, nyuma kitu chenyewe. WRK ni kushughulikia, DSP ni kuonyesha tu, END ni kusimamisha. SPLF ni faili zinazongoja printa, MSG ni ujumbe. Hata kama menyu zenu ni za Kifaransa, amri ni hizo hizo.

Andika WRKSPLF, lakini Enter bado. Bonyeza F4 kwanza. Mmeona? Imefunguka fomu ya kujaza, hakuna mabano ya kukariri. Penye mtumiaji pameandikwa *CURRENT, yaani mimi mwenyewe. Hati aliitoa yaya wa mauzo, kwa hiyo naweka *ALL. Wenye kibodi ya AZERTY, nyota ichukueni upande wa tarakimu, kulia, msihangaike. Sasa Enter. Isipoitika, jaribu Ctrl ya kulia; emyuleta kadhaa, yaani programu zinazoiga skrini za zamani za AS/400, zimerithi tabia hiyo kwa kibodi za zamani.

Hii hapa hati yetu, na kwenye safu ya hali imeandikwa MSGW. Hapo wengi wanashtuka na kuifuta. Ngojeni! MSGW maana yake mashine imeuliza swali na hakuna aliyeijibu. Weka 7 mbele ya faili, Enter. Soma: inataka karatasi za aina fulani ziwekwe kwenye printa. Basi inuka, nenda ukaangalie kwa macho yako. Karatasi ziko sawa? Rudi, andika G, yaani endelea, mahali pa jibu, Enter. Sikilizeni... inachapa. Ningeandika C, yaani katisha, uchapaji wote ungesimama, na foleni nzima ingebaki pale.

Swali kama hilo linaweza pia kuwa limetua kwa mwendeshaji wa mfumo, QSYSOPR. Andika DSPMSG QSYSOPR. Ukiandika DSPMSG peke yake unapata ujumbe wako tu.

Sasa tuseme si printa, ni kompyuta ya mwenzako iliyoganda. Andika WRKACTJOB, upate orodha ya kazi, yaani programu zinazoendelea ndani ya mashine, na usome safu ya hali. DSPW: kazi inamngoja mtu aguse kibodi. LCKW: inangoja rekodi iliyoshikwa na kazi nyingine. Saa sita mchana LCKW sizishangai tena. Mtu amefungua rekodi ya mteja, ameiacha wazi, amekwenda kula bukari. Andika DSPRCDLCK, F4, jaza jina la faili na maktaba yake, yaani mahali faili inapokaa, utaona ni nani aliyeishika. Mpigie simu. Akitoka kwenye ile skrini, wengine wote wanaendelea.

Namba 4 mbele ya kazi inaisimamisha, na ndiyo ninayoiogopa. Kwa kawaida inakwenda taratibu, kazi inapewa sekunde 30 kujifunga. Ukiweka *IMMED, yaani papo hapo, haina subira. Mwaka wangu wa kwanza niliiua hivyo kazi iliyokuwa MSGW: stoki ilikuwa imeshapunguzwa, ankara haijaandikwa. Tulihesabu magunia ya simenti mpaka usiku, na patroni amesimama mlangoni hasemi kitu. Swali lenyewe nililoshindwa kusoma lilikuwa la mstari mmoja.

Vitufe vitatu vya haraka: F12 inarudi hatua moja, F3 inatoka kabisa, F9 inarudisha amri uliyotoka kuandika. Hiyo F9 naitumia kutwa.

Ukimaliza, andika SIGNOFF, au 90 kwenye menyu kuu. Usifunge dirisha kwa ule msalaba wa juu, maana kazi yako inaweza kubaki ndani bado imeshika rekodi, na kesho tukitafuta mwenye LCKW tutakuta jina lako.

Haya, hati imetoka, kurasa mbili. Naipeleka kwa dereva, ameshaanza kupiga honi.