Mdhamini wa Yokohama

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Tangazo lilisema tutazungumza juu ya Waarmenia, taifa la Kikristo la huko upande wa Uturuki na Kaukazi, nami nawapeleka Japani. Mzee pale mbele ameshakunja uso: Waarmenia na Japani, wapi na wapi? Nivumilie kidogo, mzee wangu.

Diana Agabeg alizaliwa Rangoon, Burma (leo Myanmar), mwaka 1859, akakulia Calcutta, India. Ukoo wake ni wa wale Waarmenia wa Uajemi waliotawanyika na biashara. Aliolewa na Michael Apcar, na mwaka 1891 wakahamia Japani. Mume alifariki ghafla mwaka 1906. Mjane akaishika biashara mwenyewe, huku akiandika makala na vitabu kuwatetea Waarmenia waliokuwa wakiuawa katika dola ya Uthmani, yaani Uturuki ya zamani.

Ikaja 1915, mauaji ya kimbari. Baadhi ya walionusurika waliingia Urusi. Wenye jamaa Marekani walitaka kuwafuata, lakini vita vilikuwa vimeziba njia za magharibi. Basi wakageukia mashariki! Reli ya Siberia, ambayo kutoka Moscow hadi Vladivostok ni zaidi ya kilomita 9,000, halafu meli hadi Japani, halafu waanze kutafuta meli nyingine ya kuvuka Pasifiki. Umepoteza watu wako, huna pasipoti ya maana, unashuka bandarini hujui hata neno moja la Kijapani.

Hapo ndipo Mama Diana anapoingia. Tukisikia msaada tunafikiria unga na mablanketi. Vilihitajika, sikatai. Lakini mkimbizi yule alikwamishwa zaidi na karatasi: nani anamjua, nani atamlisha, nani atahakikisha kwamba ataondoka? Diana aliwaendea wakuu wa Japani akajiweka mdhamini. Aliwatafutia wageni wake nyumba, akawapeleka watoto shule, akaandikia jamaa zao ng'ambo, akahangaika na viza na tiketi za meli. Mamia walipita mikononi mwake. Nyinyi mliowahi kumwekea mtu dhamana polisi mnajua uzito wake. Sasa zidisheni kwa mamia, na wote hukuwajua jana.

Jamhuri ya Armenia, iliyotangazwa Mei 1918, ilimteua mwaka 1920 kuwa konsuli wake wa heshima huko Japani. Wapo wanaobishana kama ndiye mwanamke wa kwanza duniani kupewa kazi ya kibalozi. Mimi ubishi huo haunisumbui. Kinachonigusa ni kwamba kazi ya konsuli alikuwa akiifanya zamani, kabla hajapewa cheo. Na cheo chenyewe hakikudumu: Desemba ya mwaka huohuo Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, walishika nchi, jamhuri ikafa.

Yeye alibaki Yokohama, mji wa bandari wa Japani. Alifariki huko mwaka 1937, akazikwa kwenye makaburi ya wageni.

Haya, mzee wangu, sasa uliza.