Shahidi mmoja ukimuuliza mara mia

Asanteni. Niingie moja kwa moja maana dakika ni chache na mi najijua, nikiishika hii mada ya simulesheni za foleni, yaani kuiga foleni kwenye kompyuta kwa namba nasibu, siiachii. Wale mliowahi kunisikia mnajua nitasema nini, vumilieni tu, nitarudia mpaka watu waache kuniletea ripoti zinazowahesabu wateja wa foleni kama vile hawategemeani.

Chukueni foleni rahisi kuliko zote. Mhudumu 1, wateja wanafika kinasibu, huduma inachukua wastani wa dakika 1, na mhudumu yuko bize asilimia 90 ya muda. Ndo ile inayoitwa M/M/1: kufika na huduma vyote vya kinasibu, mhudumu 1. Hesabu ya karatasi inasema mteja anasubiri wastani wa dakika 9 kabla ya kuanza kuhudumiwa. Kuna mtu huwa ananiuliza, sasa kama jibu tunalo simulesheni ya nini? Jamani, ndo maana yake! Kama njia yako inachemsha pale jibu linapojulikana, kule kusiko na fomula utajuaje?

Sasa kijana mmoja, mzuri tu kwenye kuandika kodi za kompyuta, kaniletea matokeo. Kaendesha wateja 10,000, kapiga mchepuko wa zile namba, yaani zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, kagawa kwa kipeuo cha pili cha 10,000, katangaza: dakika 7.4, plasi mainasi 0.2, uhakika asilimia 95. Nikamwambia badilisha ile namba ya kuwashia jenereta ya namba nasibu tu, usiguse kingine, endesha tena. Ikatoka 11 na ushee. Plasi mainasi 0.2 vilevile! Akajua kodi ina bagi, kosa la programu, akakesha siku mbili anaisaka. Hakuna bagi. Kodi ilikuwa safi kabisa, kilichooza ni ile 0.2.

Kwa nini? Ile fomula ya kugawa kwa kipeuo inataka kila namba ijitegemee, kama kurusha sarafu. Wateja wa foleni hawajitegemei hata kidogo. Mtakwimu Lindley aliiandika mwaka 1952 kwa mstari mmoja: muda utakaosubiri wewe ni muda aliosubiri aliyekutangulia, ongeza muda aliohudumiwa, toa pengo kati ya kufika kwake na kufika kwako, ikiwa chini ya sifuri weka sifuri. Yaani unamrithi. Akitokea mmoja akakaa dirishani dakika 8, wa nyuma yake anabeba hilo deni, na wa nyuma yake, na wa nyuma yake, halifutiki mpaka foleni iishe kabisa, na mhudumu akiwa bize asilimia 90 foleni haiishi kirahisi. Kwa hiyo wateja 100 waliofuatana wanakupa karibu habari ileile, ni kumuuliza shahidi mmoja swali moja mara 100 halafu unasimama kusema una mashahidi 100.

Na hapa hatukisii, kwa foleni hii hesabu ipo. Varianzi, kile kipimo cha mtawanyiko, ya kusubiri kwa mteja mmoja ni 99. Ukiingiza na huko kurithiana inafika karibu 35,900. Gawanya: mara 363 hivi. Wateja wako 10,000 wana uzito wa watu 27 wanaojitegemea, na plasi mainasi ya kweli ni karibu 3.7. Sasa 7.4 na 11 zina ajabu gani? Ni za kawaida kabisa.

Najua kuna mtu huko nyuma anawaza, si kompyuta zina kasi siku hizi, weka milioni. Weka! Programu itakuambia 0.02, ukweli ni 0.37. Uongo uko palepale, mara 19, kwa sababu kuongeza wateja kunazipunguza zote mbili kwa uwiano uleule. Ukitaka 0.1 ya kweli andaa wateja karibu milioni 14, na hiyo ni foleni ya kitoto ya mhudumu 1.

Haya, dawa. Endesha upya, raundi 20, kila raundi na namba yake ya kuanzia, kila moja ikupe wastani 1 tu. Hizo wastani 20 ndo data yako, hapo ile fomula ya shuleni tumia kwa amani. Ila kila raundi inaanza foleni ikiwa tupu, wa kwanza hasubiri, wa pili hasubiri sana, kwa hiyo mwanzo unavuta wastani chini na wewe umeuvuta mara 20. Utupe. Chora wastani wa mteja wa kwanza kwenye raundi zote, wa pili, wa tatu, angalia mchoro unapotulia, kata hapo, ndo njia ya Welch. Na msiniulize kama mkate tu asilimia 10 bila kuchora, asilimia 10 ya nini? (Kama mfumo wako unafungua na kufunga kila siku usikate kitu, huo mwanzo ni halali yake.)

Dawa ya pili, bachi: raundi 1 ndefu, kata vipande 20 au 30, wastani wa kila kipande ndo data yako. Vinene! Wateja maelfu kila kipande, vya wateja 50 bado vinarithiana.

Naonyeshwa saa. Kulinganisha mifumo miwili kulikuwa na slaidi 14, basi kwa kifupi: ipe yote miwili namba nasibu zilezile, mteja yuleyule afike dakika ileile kote kuwili, halafu toa tofauti raundi kwa raundi. Ndo mahali pekee leo ambapo kutojitegemea kunakubeba. Nafunga kompyuta, maswali, na wa asilimia 10 akae.