Baiskeli Nayo Ina Tanga

Hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie safari yangu ya baiskeli kutoka Mombasa hadi Malindi. Nitaanza na kosa, maana ndilo lililonifunza.

Niliondoka mwezi wa kwanza. Mtoto wa Pwani mzima, nikasahau kwamba huo ni msimu wa kaskazi! Barabara inaelekea kaskazini, na upepo unatoka huko huko. Nilifika Mtwapa nikihema kama punda wa mchanga. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akaniuliza naenda wapi. "Malindi? Na kaskazi hii?" Akacheka. "Mwanangu, baiskeli nayo ina tanga. Tanga lenyewe ni kifua chako."

Nikajipumzisha Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa karne ya 14. Kuna msikiti unaotazama bahari, na kando yake kaburi lenye aya: kila nafsi itaonja mauti. Kwa nilivyochoka, sikuhitaji kufasiriwa.

Vipingo ni mkonge. Mkonge kulia, mkonge kushoto, hakuna hata mti wa kukukinga na upepo. Hapo nikapata pancha. Fundi aliyekuwa chini ya mwembe akatoa tyubu, akaizamisha kwenye karai la maji, akaizungusha polepole mpaka povu likapanda. Kumbe ni kijiwaya chembamba, masalio ya tairi la lori lililopasuka barabarani. Akakwaruza kwa msasa, akapaka solusheni, kisha hakubandika kiraka: alingoja. "Ikikauka kidogo ndiyo inashika," akasema. Tangu siku hiyo viraka vyangu havibanduki.

Kilifi nililala. Daraja lile ni la 1991; kabla yake watu walivuka kwa feri. Juu yake nilishuka nikasukuma, na sioni haya kusema.

Gede, kwenye magofu ya mji wa kale, ndiko nilikokaa siku nzima. Unaacha lami, unaingia msituni, mara unaona kuta za matumbawe, mibuyu, msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, hata vyoo vya ndani. Kuna kaburi lenye tarehe: mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Na wachimbaji walikuta vyombo vya Kichina. Nikakaa juu ya jiwe nikijiuliza, bakuli lilitokaje Uchina likafika mji ambao hata haupo ufukweni? Lilibebwa na pepo za misimu. Waliokula humo walijua mwezi wa kusafiri kuliko mimi mwenye simu mfukoni.

Malindi, chini ya mnara wa Vasco da Gama, nilipata mwenzangu. Aprili 1498 baharia huyo Mreno alipewa rubani hapo, na baada ya siku 23 akaiona India. Kurudi hakungoja msimu. Alitumia karibu miezi mitatu baharini, mabaharia wakifa kwa kiseyeye. Mimi kaskazi ilinila siku nne na magoti mawili. Nikaisamehe.

Kurudi Mombasa, upepo ule ule ulinisukuma mgongoni. Pale Vipingo kuna mahali niliacha kukanyaga pedeli kabisa.

Basi, tunakwenda tena mwezi wa nane, kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiwa nyuma yetu. Njoo na tyubu mbili na pampu. Kurudi tutapandisha baiskeli juu ya matatu, kwa hiyo weka nauli kando. Haya, maswali. Ndiyo, mama, hapo nyuma.